Picha nyeusi-nyeupe zinatoka na ukijani, wakuu naombeni msaada

Kibatari: Wakuu, nina oda ya picha 60 za inchi 8x10, nyeusi-nyeupe tupu. Advansi nimeshapokea, mteja anachukua Jumamosi. Kwenye skrini kijivu ni kijivu. Zikitoka, chini ya taa ya ofisini zina ukijani. Nikizipeleka nje zinavuta wekundu. Nimeweka "Advanced B&W Photo", toni Neutral. Nozo (vitundu vya kutolea wino) safi zote. Shida ni karatasi?

Sugu wa Glosi: Karatasi za bei poa zina kemikali ya kung'arisha, juani weupe wake unaingia ubluu. Ukijani hauletwi na hiyo. Printa gani, wino gani?

Kibatari: Epson. Wino wa kawaida.

Mama Fremu: "Wa kawaida" 😂 Mwanangu, advansi haipokelewi kabla mteja hajaona picha ya majaribio akairidhia. Vijana mna haraka.

Dongo: Kijivu kinachobadilika ukihama taa kimechanganywa kwa wino wa sayani (bluu-kijani), majenta (waridi iliyokolea) na njano. Kila taa ina mwanga wake na kila wino unaurudisha kivyake, kwa hiyo mchanganyiko uliotulia juani unayumba chini ya LED. Printa za Epson P700 na P900 zina wino wa kijivu na wa kijivu hafifu, rangi zinaingia kidogo tu kutia toni. Taja modeli, usitufiche.

Kibatari: Haya, ni L805. Wino nimenunua chupa za lita moja, nikajazia juu ya ule uliokuwemo. Ila muuzaji alisema unakubali printa zote, na picha za rangi zinatoka poa sana. Siwezi kuumwaga.

Mpiga Ramli: Chai hii. L805 ina nyeusi, sayani, majenta, njano, sayani hafifu na majenta hafifu, basi. Menyu ya "Advanced B&W Photo" haimo kabisa. Umeichagua wapi?

Zumbukuku: Leteni na vitumbua.

Kibatari: Si chai mkuu. Nilitiki "Grayscale", hilo jina nimelitoa kwenye video nikadhani ni kitu kimoja.

Mpiga Ramli: Sawa, ila picha za rangi si ushahidi. Ngozi na nguo huficha kosa ambalo kijivu hulianika.

Dongo: Basi ondoa hiyo tiki. Geuza faili liwe RGB (nyekundu, kijani na bluu), acha Photoshop isimamie rangi, na kwenye printa weka "No Color Adjustment". Vikisahihisha vyote viwili, rangi inapotoka mara mbili. Chapa ukanda wa viboksi 21 vya kijivu, kutoka 0 hadi 100 kwa hatua za asilimia 5, kwenye karatasi ileile ya oda. Uache ulale usiku mzima bila kufunikwa, rangi ya wino wa dai (dye, wino wa majimaji usio na chembe) huhama kidogo ukikauka. Asubuhi utazame kivulini karibu na dirisha, kisha chini ya taa ya pale picha zitakapotundikwa. Hiyo taa ndiyo ya kuifuata.

Ukijani ukikaa kwenye kijivu cha katikati, fungua Curves za Photoshop (mikunjo ya rangi, kipimo 0 hadi 255), shusha mkunjo wa kijani kutoka 128 hadi 124, chapa tena. Vivuli vikiwa na wekundu, shusha nyekundu pale 48 hadi 46. Usiburute kitelezi kimoja cha picha nzima: kikiponya katikati kinaharibu vivuli.

Sugu wa Glosi: Ningemshawishi mteja akubali toni ya joto. Kwenye Lab (mfumo mwingine wa rangi wa Photoshop) ongeza b, yaani upande wa njano, kwa 3 au 4. Jicho linavumilia ukahawia mwepesi, kijivu tupu halikisamehe hata kidogo.

Kibatari: Mteja kasisitiza kijivu tupu. Nikichapa kwa wino mweusi peke yake je?

Dongo: Rangi itatulia, lakini vitone vitaonekana kwenye mashavu na anga. Kwa 8x10 inayoshikwa mkononi, hapana. Na usiongeze wino katikati ya oda: tangi lina mchanganyiko, ukijazia uwiano unabadilika na mikunjo yote inakuwa bure. Angalia usawa wa matangi sita kabla hujaanza.

Kibatari: Njano iko karibu na mstari wa chini.

Dongo: Ijazie leo, ndipo uchape ukanda.