Bibi kwenye riwaya yangu anaongea kama mtangazaji wa redio. Nifanyeje?

Kijana wa Uyole

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naandika riwaya, ya kwanza. Nimefika sura ya sita, kaunta buku ya pili. Kisa ni cha familia moja ya Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Mhusika mkuu ni bibi ambaye maisha yake yote ameongea Kinyakyusa, Kiswahili ni cha sokoni na zahanati tu. Nimemtoa kwa bibi yangu mzaa mama, marehemu.

Jumapili nilimsomea mama sura ya pili akiwa anamenya ndizi. Hapo bibi anagombana na baba mkwe wake kuhusu mpaka wa migomba. Anamwambia, "Kwa hakika baba, siafiki uamuzi wako, kwani shamba hili nimelilima kwa mikono yangu." Mama akaweka kisu chini. Akasema, "Huyu si mama yangu. Huyu anasoma taarifa ya habari."

Iliniuma, ila ni kweli. Nikajaribu kumpa lafudhi: kila r nikaifanya l, nikachomeka "fijo", yaani "sana" kwa Kinyakyusa, kila mstari. Kusoma tena, nikaona nimemfanya bibi kichekesho. Nikachana kurasa nne. Mtu aliyeishi kwa lugha nyingine unamwandikaje kwa Kiswahili, asiwe mtangazaji wala kichekesho?

Dereva Makambako

Mdogo wangu, weka maneno ya Kinyakyusa yenyewe, mwishoni weka faharasa. Mimi nasoma sana nikisubiri mzigo. Ila yasizidi. Nikifunua nyuma mara tatu kwa ukurasa mmoja, kitabu kinabaki kwenye dashibodi.

Mama Kihesa

Marahaba mwanangu. Nimezaliwa Masoko, nimeolewa Iringa, nimeandika riwaya mbili kwa Kiswahili. Kidonda chako nakijua.

Nianze na jambo ambalo mama yako hakulisema, pengine alikuonea huruma. Kasoro ya ukurasa ule si lafudhi. Ugomvi wenyewe usingeweza kutokea. Mkamwana wa Kinyakyusa wa enzi zile na baba mkwe wake! Hawatazamani. Akimwona anakuja, anaiacha njia, anajitosa kwenye migomba mpaka mzee apite. Wewe umewasimamisha uso kwa uso wanajibizana.

Na jina la mkwe hatamki. Wala si jina peke yake, hata maneno ya kila siku yanayokaribiana nalo kwa sauti anayakwepa, anayatafutia mengine. Kwetu tunaiita ingamwana. Jina la mkwe likifanana na neno la maji, maji yatapewa jina lingine mdomoni mwake, hata mkwe mwenyewe akishazikwa. Nikiwa mtoto niliamini bibi yangu ana lugha yake ya siri, nikawa namfuata shambani niiibe.

Sasa atagombaniaje mpaka? Hapo ndipo hadithi yako ilipo. Atamtuma mtoto. Mtoto asipokuwepo, atasema na kuku. Nilimsikia mama yangu mkubwa, mkwe wake akiwa nje ya ukuta wa mianzi, anamfokea kuku: "Juzi ulikuwa unadonoa kwenu. Jana umevuka mfereji. Kesho si utalala kitandani kwangu?" Nje kimya. Asubuhi tukakuta mkungu wa ndizi mlangoni, hakuna aliyesema umetoka wapi.

Itazame hiyo kauli. Ni Kiswahili sanifu, hakuna mwalimu wa kuitia wino mwekundu, wala haina neno hata moja la Kinyakyusa. Lakini mtangazaji hawezi kuisema. Kwa hiyo mimi, kabla sijaandika mazungumzo ya mtu yeyote, naandika kwanza kwenye jalada la ndani la daftari: huyu hawezi kumwambia nani, na jambo gani. Muswada wangu wa kwanza sikufanya hivyo, na nilirudia mazungumzo yote, miezi saba.

Kaka wa Makambako, kwenye faharasa sikufuati. "Ndaga" moja ya kushukuru, mbalaga sufuriani, msomaji ataelewa mwenyewe. Faharasa inamfanya bibi mgeni ndani ya kitabu chake.

Na usikiogope Kiswahili, mwanangu. Ni kweli sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati yake ikaanza kazi mwaka 1930, Tukuyu iko mbali. Lakini Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, katikati ya ziwa, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ameianzia hukohuko kwao. Lugha hii inabeba.

Mwalimu Mafinga

Mama shikamoo. Nina wasiwasi na msomaji wa Dar. Akikuta mwanamke anagombana na kuku, si atadhani amerukwa na akili?

Mama Kihesa

Marahaba mwalimu. Weka mtoto pembeni naye adhani hivyohivyo. Msomaji atakaa na mtoto, na siku mtoto akielewa wataelewa pamoja. Usimweleze kabla.

Kijana wa Uyole

Mama, ndaga fijo. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilimpelekea mama maneno yako kwanza.

Nilimsomea hapo kwenye ingamwana, akanyamaza muda mrefu. Bibi yetu jiwe la kusagia alikuwa analiita "kile kizito". Kila siku, miaka yote. Nasi wajukuu tulimwigiza, mpaka leo nyumbani kwetu jiwe la kusagia ni kile kizito. Tulijua ni uzee. Mama akatamka jina la mzee, babu yake mzaa baba, kwa sauti ndogo, halafu akataja jiwe kwa Kinyakyusa. Yanaanza sawasawa. Akasema jina hilo alilisikia kwa baba yake na kwa majirani. Kwa mama yake, hata siku moja.

Sura ya pili nimeifuta yote. Inaanza bibi anasaga ulezi, mzee anapita nje, na mtoto anauliza mbona kile kizito hakina jina.