Mliowahi kusukuma jambo la jamii kwa kutumia simu, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Jana kwenye kundi letu mtu kaweka picha ya kalvati lililoziba takataka. Watu wakamwaga vikaragosi vya hasira, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Nikawakumbuka walioanzisha tovuti ya Ushahidi kule Kenya Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa bado zinawaka. Mtu alituma ujumbe mfupi au barua pepe, tukio likawekwa kwenye ramani ambayo yeyote mwenye intaneti aliiona. Enzi hizo simu janja zilikuwa za wachache. Leo tunazo mfukoni, tunakwama wapi? Waliofanikiwa waje, walioshindwa pia waje.

Kipanga
Sisi ilikuwa taa za barabarani. Tulipiga picha kila nguzo mchana, tukaandika namba iliyochorwa pale pale kwenye nguzo, orodha ikapelekwa ofisi inayohusika. Ukimwambia fundi "karibu na ule mti" hana pa kuanzia. Ukimpa namba, hana pa kujificha.

mama_wawili
Namba! Hapo umegusa penyewe.

Fundi Ramani
Umenikumbusha mbali, mkuu. Mimi OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ilinikamata baada ya tetemeko la Haiti, Januari 2010. Port-au-Prince haikuwa na ramani ya maana mtandaoni, watu wakiwa nchi mbalimbali wakachora barabara zake kwa kutazama picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia. Waathirika nao walituma ujumbe bure kwenda namba 4636. Wengi waliandika Kikrioli, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuijua, Wahaiti walioko ughaibuni wakakesha wakitafsiri. Hicho ndicho watu wanakiruka wakisimulia. Wanasifu programu, wanawasahau waliokesha.

Mkongwe
Sawa, lakini wazee wenye simu za kitochi mnawaweka wapi? Mitandao inawapa sauti wale wale waliozoea kusema.

Kipanga
Mzee, soma tena juu. Ushahidi ilipokea ujumbe mfupi. Kitochi kinatuma.

Mkongwe
Nimesoma. Ujumbe mfupi unamtaka mtu anayejua kuandika.

Fundi Ramani
Kuna mfumo wa sauti: mtu anapiga, anasikiliza swali kwa lugha yake, anabonyeza 1 au 2. Ila Mkongwe ana hoja, msimpuuze. Anayeunda mfumo huwafikiria wanaofanana naye.

usiku_mwema
Mniwie radhi nawakatisha. Mada hii imeamsha jambo nililodhani limelala.

Kundi letu lilianza vizuri, la ulinzi: ukiona jambo, sema. Jioni moja ikaingia sauti, mwanamke analia, anasema mwizi wa watoto yupo njia ya shuleni, kavaa koti la kijani. Hakuna aliyejua ile sauti ni ya nani. Mara ikawa kwenye makundi yote. Na kweli njiani palikuwa na kijana mwenye koti la kijani, na begi mgongoni. Nilipofika umati ulishamzunguka, mawe mikononi. Kijana anatetemeka, anaulizwa jina lake hawezi kulitamka, na huko kushindwa kwake ndiko walikochukulia kuwa ushahidi.

Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja mstaafu. Alijipenyeza, akasimama mbele yake, akauliza: "Mtoto wa nani amepotea? Mzazi ajitokeze." Hakutokea mtu. Akauliza tena, na tena, kila mara akimtazama mtu mwingine usoni, mpaka mawe yakaanza kudondoka. Begi lilipofunguliwa mlikuwa na spana na daftari. Baadaye tukaambiwa sauti ile ilishazunguka miji mingine, ila rangi ya nguo ndiyo ilikuwa inabadilika.

mama_wawili
Mungu wangu. Nimesoma huku nimeshika kifua.

Fundi Ramani
India mwaka 2018 watu waliuawa kwa uvumi wa aina hii hii. Ndipo WhatsApp ikawawekea kikomo: ujumbe mmoja usisambazwe kwa mazungumzo zaidi ya 5 kwa mkupuo. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima.

Kipanga
Dawa ni kufunga kundi, aandike admini tu.

Mkongwe
Hapo umelibadili kundi kuwa redio. Mpeni uadmini yule mwalimu, hata kama hana simu!

usiku_mwema
Tulikataa kufunga. Sheria yetu sasa: sauti isiyo na mwenyewe inafutwa, na aliyeileta aeleze kaipata wapi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Na ofisi ikikaa kimya?

Fundi Ramani
Uingereza wana FixMyStreet tangu 2007. Unaweka shimo la barabarani kwenye ramani, taarifa inakwenda halmashauri, lakini pia inabaki hadharani na tarehe yake. Jirani anaona, mwandishi wa habari anaona. Ukimya wa ofisi unakuwa na tarehe.

mama_wawili
Hadharani si kwa kila jambo. Nimewahi kuona mtu kaweka kundini habari ya mama aliyepigwa na mumewe, na njia ya kufika kwake. Wa kwanza kuisoma alikuwa shemeji yake mtu. Shimo liwekeni kwenye ramani, mama msimuweke.

Kipanga
Kweli kabisa. Mwanzisha mada, njoo faragha nikutumie jedwali letu la nguzo ulibadilishe.

mama_wawili
Futa kwanza safu ya namba za simu za watoa taarifa.

Kipanga
Nikifuta, fundi akikwama atampigia nani?

mama_wawili
Katibu. Namba zikae kwa katibu.