Bahasha ya bei moja kutoka Marekani mpaka Lubumbashi: imevimba, itapokelewa?

Mwana_Katuba
Jambo wenzangu. Mdogo wangu yuko Marekani, anataka kunitumia mashati mawili, kitabu na kopi za diplome katika ile bahasha ya Priority Mail ya posta ya Marekani, ya bei moja (flat rate), unalipa bei ileile hata uzito ukibadilika. Vyote vimeingia, lakini kifuniko hakifiki kwenye gundi. Anataka kuunga kipande cha katoni kwa skochi. Wataipokea? Na uzito kweli hauna mpaka?

Yaya_Kamalondo
Mdogo wako asiunge kitu. Kuvimba peke yake si kosa. Kosa ni kifuniko kushindwa kufunga pale kilipokunjwa kiwandani. Skochi inaruhusiwa kukazia kifuniko na mishono, lakini si kuipanua bahasha. Akipasua ubavu au akiongeza katoni, haki ya bei moja imepotea.

Akunje mashati yawe bapa, mapana kama kitabu, moja juu na moja chini yake. Kabla ya kubandua utepe wa gundi, ashushe kifuniko aone kama kinalala chote bila kuvutwa. Kikivutwa, gundi itaachia njiani. Bahasha ya kawaida ni inchi 12.5 kwa 9.5, karibu sm 32 kwa 24. Iko nyingine ya inchi 15 kwa 9.5, aombe hiyo. Posta inazitoa bure.

BP_Kenya
Uzito una mpaka, na hapa ndipo wengi wanakosea. Ratili 70 ni za ndani ya Marekani tu. Bahasha hiyo ikitoka nje ya nchi, mwisho ni ratili 4, yaani kilo 1.8. Kitabu kinene kinaweza kula nusu ya hapo, kwa hiyo apime kwanza.

Kwenye fomu ya duane (forodha) asiandike "nguo" tu. Aandike: mashati 2 ya pamba ya mwanaume, kitabu 1, na kwa kila kitu thamani na uzito wake.

Mwana_Katuba
Aksanti sana. Na kama anatuma zile kopi peke yake?

BP_Kenya
Basi bahasha ya bei moja ni hasara. Karatasi chache ziende kama barua ya kawaida ya nje, ni rahisi zaidi, ila hutaweza kuifuata njiani. Humo ni karatasi tu, hata shati moja haliruhusiwi.

Anwani: jina lako, namba ya B.P. (sanduku la posta), Lubumbashi, na simu yako kwenye fomu. Mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa: DEMOCRATIC REPUBLIC OF THE CONGO. Akiandika CONGO tu, inaweza kwenda Brazzaville, kwa ile Congo nyingine.