Nianze na maneno gani ya Kiingereza ili niweze kuuza vitenge Kampala?

Muuza Vitenge, Nsambya

Salaam kwenu nyote. Nilisoma Bukavu kwa Kifaransa hadi mwisho wa sekondari, na sasa ninauza vitenge hapa Kampala, ambako wateja wengi huanza kwa Kiluganda na, wakiona sielewi, huhamia Kiingereza. Kiswahili kinanisaidia kwa wanajeshi, kwa madereva wa malori na kwa wenzetu waliotoka Kongo, lakini mteja wa kawaida wa mjini hakitumii anaponunua nguo. Nilinunua kamusi nikaanza kukariri kuanzia herufi A, na mpaka sasa sijamsikia mteja hata mmoja akilitaja neno lolote kati ya hayo.

Ninaomba kuuliza: mtu mzima asiye na nafasi ya kukaa darasani aanze na orodha ya maneno, au aanze na sentensi nzima? Na kama ni sentensi, azitoe wapi, ilhali Kiingereza kinachosemwa sokoni hakifanani na kile cha vitabuni?

Mwalimu wa Jioni, Mbarara

Ndugu yangu, iweke kamusi kando, uifungue tu unapokutana na neno usilolijua. Maneno ya lugha hayafanyi kazi sawa: machache hurudi kila dakika, na mengi mno hupita mara moja kwa mwaka. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyewahi kufundisha Bengali, alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 yaliyochaguliwa hasa kwa wingi wa matumizi yake, na maneno hayo huchukua takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Kabla yake, mwaka 1930, C. K. Ogden alijaribu kukibana Kiingereza cha kila siku katika maneno 850, ambamo vitenzi ni 18 tu.

Hapo ndipo penye mtego. Vitenzi vinapokuwa vichache, hulazimika kushikana na maneno madogo ili vibebe maana zote zilizobaki. Mtu anaweza kulijua "put", akalijua "up", akalijua na "with", na bado asing'amue kwamba "put up with" ni kuvumilia. Kwa hiyo orodha hukuonyesha kipi kitangulie, ila haikufundishi kusema. Kinachofundisha kusema ni sentensi nzima ya kazi yako, yenye nafasi moja unayoweza kuibadilisha: "How many yards do you want?", "Do you want the blue one?", "This one does not fade." Ukishaizoea ile ya bluu, huhitaji somo jipya ili uulize kuhusu nyekundu. Na hiyo "does not fade", yaani rangi haichuji, muuza vitenge ataisema mara nyingi kuliko maneno mengi ya West, ndiyo maana ninashikilia kwamba orodha yako ya kwanza itoke kwenye meza yako ya biashara.

Kuhusu kukumbuka, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Sentensi uliyoipata asubuhi irudie jioni, kisha kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha wiki inayofuata. Kukariri kwa saa nyingi usiku mmoja hakufui dafu mbele ya utaratibu huo.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaowaza kwa Kiswahili. Mteja akikuuliza, "Don't you have the green one?", na wewe huna, ulimi utakuvuta useme "Yes", kwa sababu kwetu "ndiyo" huthibitisha kauli ya aliyeuliza: ndiyo, sina. Mwenye Kiingereza husema "No, I don't", kwa kuwa jibu lake hutazama hali ilivyo, bila kujali swali limeulizwaje. Ukimjibu "Yes" atasimama akisubiri kitenge cha kijani. Usitegemee neno moja. Malizia daima kwa "I have" au "I don't have".

Mama wa Owino

Mwalimu amesema vyema, ila dada au kaka yetu asishangae akiona kwamba Kiingereza cha Kampala kina desturi zake. Mtu akipita akukute ukikunja vitenge, atakuambia "Well done", nawe hujafanya lolote la ajabu; anakusalimu kwa kazi, kama Waganda wanavyosema "gyebale ko", na jibu lake ni "Thank you". Usipoonekana kwa muda utaambiwa "You are lost". Anayekuambia "I'm coming" huku anaondoka anamaanisha atarudi sasa hivi. Kwenye teksi, "extend" ni ombi la kusogea, na chenji ya mteja huitwa "balance", kwa hiyo usipoijua hiyo mtagombana bure.

Saa nazo uziangalie. Mteja akisema atakuja "at two", ni saa nane mchana. Waganda wakisema Kiluganda huhesabu saa kama sisi, lakini wakigeukia Kiingereza hugeuza na saa pia.

Muuza Vitenge, Nsambya

Ninawashukuru sana, Mwalimu na Mama. Nina swali moja lililobaki: je, Kifaransa changu ni msaada au ni kizuizi? Ninaona maneno mengi yanafanana.

Mkalimani wa Nakivale

Ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walipeleka Kifaransa chao, na maneno kama "price", "colour" na "quality" yalitoka huko. Unazo pia "il" na "elle" kichwani, hivyo "he" na "she" hazitakusumbua kama zinavyomsumbua mtu aliyezoea "yeye" pekee.

Hata hivyo yako maneno yanayofanana sura na kutofautiana tabia. "Demander" ni kuuliza au kuomba tu, lakini ukimwambia mteja "I demand fifty thousand" ataona unamtisha. Sema "I am asking for fifty thousand". "Actuellement" ni sasa hivi, ilhali "actually" ni kwa kweli. "Librairie" ni duka la vitabu, na "library" ni maktaba. Na "stage", ambayo kwetu Wakongo ni mafunzo ya kazi, hapa Uganda ni mahali zinaposimama teksi na bodaboda, jambo lililowahi kuzua mkanganyiko wa kuchekesha kwenye mahojiano niliyotafsiri.

Ninatofautiana kidogo na Mama: misemo ya sokoni isikie na kuielewa yote, lakini ukiandika barua ya ofisini au kujaza fomu ya benki, tumia ile ya kitabu. Wengi hapa hubadilisha hivyo bila hata kufikiri.

Tena, Mwalimu hakugusa matamshi. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa; Kiingereza hakifanyi hivyo. Katika "receipt" herufi p haitamkwi kabisa. Kwa kila sentensi, andika upande mmoja wa karatasi jinsi ulivyoisikia kwa mteja, kwa tahajia yetu ya Kiswahili, na upande wa pili tahajia kamili ya Kiingereza. Anza na maneno unayolazimika kuyaandika mbele ya mteja, yaani risiti, kiasi, rangi na tarehe, kwa kuwa hayo ndiyo atakayoondoka nayo mkononi.