MJADALA: Mvuvi akikutwa ziwani bila jaketi la kuokolea maisha, nani alipe faini, yeye au tajiri wa mtumbwi?

Wakuu, kila chombo kikizama Ziwa Victoria tunasikia agizo lile lile: marufuku kuvua au kusafiri bila jaketi. Msako unapita mialoni, yaani kwenye fukwe mitumbwi inakotia nanga, vijana wanalipa faini, mwezi ukiisha mambo yanarudi yalivyokuwa. Kwa maoni yangu tunamwadhibu asiyestahili.

Mtumbwi wa dagaa una tajiri wake. Ndiye aliyenunua mashine, nyavu na taa. Wavuvi wanakuja na mikono yao tu. Wakirudi alfajiri, mafuta na gharama nyingine hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Mashine ikiharibika hakuna anayemtuma baharia akanunue nyingine. Sasa jaketi linakuwaje mzigo wake? Lihesabiwe kuwa sehemu ya chombo, leseni isitolewe bila majaketi ya kuwatosha wote, na faini imfuate mwenye mali.

Halafu tuache kuhesabu majaketi "yaliyomo". Kwenye mtumbwi mmoja wa abiria niliyakuta yamefungwa kamba chini ya mbao za kukalia, yamekandamizwa na magunia ya mihogo. Nililochomoa, sponji yake imesagika, ukiibonyeza hairudi, na mkanda wa kiunoni umekatika. Kwa mkaguzi idadi imetimia. Mtumbwi ukipinduka ghafla, nani atapata muda wa kufungua ile kamba?

Mvuvi, Ukerewe: Mkuu, inaonekana hujavuta nyavu. Jaketi nene linazuia mikono, mikanda inanasa kwenye nyavu, na nyavu ikikushika inakuvuta nayo majini. Tajiri hata akinunua, vijana watalivua wakishafika katikati ya ziwa. Wengine wanaamini ukilivaa unajiitia mkosi. Na sisi tumezaliwa mialoni, kuogelea tunajua.

Mwanzisha mada: La mikanda nakubaliana nawe kabisa, ndiyo maana wavuvi washirikishwe katika kuchagua. Yapo membamba, mapana kwapani, yasiyo na mikanda inayoning'inia. Akiamua tajiri peke yake ataleta la bei ya chini.

Ila kuogelea hakutoshi, ndugu yangu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mnapumzika. Mtu akiteleza kwenye giza lile, mawimbi yanampeleka kabla wenzake hawajageuza chombo. Anaweza kuwa amejigonga kwenye ubao, hajitambui. Wengi mnategemea dumu tupu, na kweli dumu la lita 20 linamwelesha mtu mzima, lakini mikono ikichoka linaponyoka. Jaketi lililoundwa kwa kazi hiyo linaweza kumgeuza uso juu hata akiwa amezimia. Mimi hilo ndilo linalonifanya nishikilie hoja yangu.

Mfanyabiashara, Mwanza: Mnaongelea jaketi kana kwamba ndilo tatizo pekee. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa kubeba abiria 101, waliokufa ni 228. Hapo chanzo ni kujaza watu. Na meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, wengi walinaswa ndani. Ukiwa chumbani maji yakaingia na umevaa jaketi, linakuinua hadi darini na mlango unabaki chini yako. Msitunge sheria moja kwa mtumbwi na meli.

Mwanzisha mada: Hoja nzito, naipokea. Basi pendekezo langu libaki kwa vyombo vya wazi: mitumbwi na boti ndogo, livaliwe tangu mwaloni hadi kurudi. Kwenye meli yawe mahali pa kufikika haraka, abiria waonyeshwe kabla ya kung'oa nanga, na kujaza kupita kiasi kuwe kosa la nahodha na mwenye chombo kwa pamoja.

Mama wa watoto wawili, Musoma: Na watoto je? Wangu walivalishwa ya watu wazima, mdogo ukimwinua mabegani mwa jaketi anateleza anatoka kwa chini. Sheria ikisema "jaketi moja kwa kila abiria", huyu amehesabiwa kuwa salama.

Mwanzisha mada: Dada, hilo sikuliweka na linapaswa kuingia: saizi ya mtoto, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Wenye mitumbwi mliomo humu, bado hamjasema neno. Mkilazimishwa kununua, gharama mtaikata kwenye mgawo wa vijana au mtaibeba wenyewe?