Naombwa barua ya bwana ili nipate bursi ya masomo. Nitoe?

Mama Kabibi
Jambo wandugu. Mimi ni asistanti wa chuo kikuu hapa Lubumbashi tangu 2017. Nimesimamia mitihani, nimesahihisha kopi usiku kwa tochi ya simu umeme wa SNEL ukikatika. Tulianza sita, mwanamke nikiwa peke yangu. Watatu wamekwisha kupanda kuwa CT (chef de travaux), cheo kinachofuata asistanti. Mimi bado, eti makala zangu hazitoshi. Zitatoshaje? Data za Kipushi, mji wa migodi karibu na hapa, nilikusanya mimi, miezi minne ya kupanda basi. Makala ilipotoka jina langu lilikuwa la tatu, nyuma ya mwenzangu ambaye Kipushi hakufika. Mtu akitetea tasnifu, mimi ndiye naulizwa sambusa na vinywaji viko wapi.

Sasa kumetoka bursi ya doktora, nje ya nchi. Mkubwa wa idara ananiambia: leta kwanza barua ya bwana yako, kwamba anakubali uende. Mwenzangu ana mke na watoto watatu, hakuulizwa neno. Bwana yangu yuko tayari kusaini hata leo, anasema ni karatasi tu. Mimi roho inakataa. Faili zinafungwa Ijumaa. Nitoe barua, ao nikatae nikose?

Kapenda_Ruashi
Dada, asaini tu. Kiburi hakilipi minervali, ile ada ya masomo. Bwana amekubali, shida iko wapi?

Mama Mapasa
Shida ni yule ambaye bwana yake atakataa. Wa kwangu alikataa. Nilibaki. Leo wale niliowafundisha mimi ndio wananisainia likizo.

Mwanasheria wa Kamalondo
Sheria ya familia ya Kongo ya 1987, kifungu 448, ndiyo ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria. Ilirekebishwa Julai 2016. Sasa inasema mume na mke wapatane, wote wawili. Kwa hiyo kama barua ni lazima, mwenzako naye alete ya mke wake. Mwambie mkubwa hivyo, kwa upole, halafu utazame uso wake. Tena Katiba ya 2006, kifungu 14, inaidai serikali iondoe ubaguzi wa kila namna juu ya wanawake.

Kapenda_Ruashi
Sheria, sheria. Sophie Kanza alipata digrii yake chuo kikuu cha Lovanium 1964, wa kwanza kati ya wanawake wa nchi hii, na 1966 akawa waziri. Nani alimzuia? Kazini kwetu wenzetu wa kike wanakataa safari za utafiti wenyewe.

Mama Mapasa
Unamtaja mmoja kwa sababu ni mmoja. Na hao wanaokataa safari, umewauliza watoto wanabaki na nani? Jioni wewe unaandika makala, yeye anapuliza makala, yale makaa ya kupikia, kwenye mbabula. Jina moja, kazi mbili.

Kapenda_Ruashi
Hapo umenipata 😂

CT Mwadi
Tusiende mahakamani bado. Dada Kabibi, tangazo la bursi unalo? Soma orodha ya karatasi zinazoombwa. Kama barua ya bwana haimo, peleka zilizomo tu, na kopi ya pili wakupigie muhuri wa kupokea, na tarehe. Usibishane mdomoni, maneno ya ofisini hayana muhuri.

Kuhusu Kipushi: data zikishatoka mkononi umechelewa. Kabla hujampa mtu faili, mwandikie imeli, nani jina la kwanza, nani la pili, na ungoje ajibu. Mimi nilipoanza hivyo promota wangu, msimamizi wa tasnifu yangu, alinuna juma zima, kisha akazoea. Sambusa nazo niliziacha. Waliagiza kwa mama wa pembeni na tasnifu ikatetewa vilevile.

Mama Kabibi
Nimerudi. Tangazo linaomba karatasi saba, barua ya bwana haimo. Leo nimepeleka saba. Sekretari alitazama mlango wa mkubwa, akanitazama mimi, akapiga muhuri na kuandika hata saa. Bwana yangu amecheka, anasema angalau amepumzika kuandika. Jumamosi kuna mtu anatetea. Nitaenda, nitakaa mstari wa mbele.