Adapta ya soketi imekatikia kwenye impakti draiva. Ni adapta mbovu au nalazimisha mashine?

MbaoNaMisumari
Habari zenu wakuu. Nina impakti draiva (mashine ya kufungia skrubu inayozungusha huku ikigonga) ya volti 18, mdomo ni ule wa pembe sita wa robo inchi. Kwenye skrubu za mbao na za bati sina malalamiko nayo. Sasa nina kazi ya fremu za mbao zinazofungwa kwa skrubu nene za M8, zile zenye kichwa cha nati cha spana 13. Nikanunua adapta ya nusu inchi ili nitumie soketi zangu za racheti. Hata kazi haijachanganya, adapta imekatika shingoni na kipande kimebaki ndani ya mashine. Ninunue nyingine, au niachane na adapta nitafute impakti renchi, ile kubwa zaidi yenye mdomo wa mraba wa kuvalisha soketi moja kwa moja? Na je, mashine hii inaweza nati za gurudumu?

Gololi
Pole mkuu. Kwanza toa betri. Vuta kola ya mdomo kama unavyobadilisha biti, elekeza mdomo chini, kisha gonga mwili wa mashine taratibu kwa kiganja. Kikigoma, tumia sumaku nyembamba. Usichokonoe kwa msumari, utaharibu kigololi kinachoshika biti.

FunguaFunga
Tatizo ni kwamba ukubwa wa ule mraba wa mbele ya adapta, unaovalishwa soketi, umekudanganya. Adapta ya nusu inchi kwa mbele ni nene, lakini nyuma bado ni pini ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na pale kwenye mtaro unaokaa gololi ni nyembamba zaidi. Mashine za volti 18 nyingi hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya juu ya Nm (nyutoni mita) 150 hadi 200, tena kwa kugonga zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Hayo yote yanapita kwenye kale kashingo. Kiangalie kipande chako: kama kona za pembe sita zimejisokota kabla ya kukatika, chuma kilikuwa laini. Kama kimekatika moja kwa moja na sehemu iliyokatika ina chengachenga, kilikuwa kigumu kupita kiasi.

Kwa soketi ya 13 chukua adapta yenye mraba wa inchi 3/8. Nusu inchi hapo ni mzigo wa bure, maana soketi nzito na ule ulegevu wa kwenye mraba vinakula mapigo kabla hayajafika kwenye skrubu. Tafuta iliyoandikwa ni ya impakti. Nyingine zina kiuno chembamba katikati, na watu huzikimbia wakidhani ni dhaifu, kumbe kile kiuno kimewekwa makusudi kijipinde kidogo na kurudi kila pigo linapotua.

Mzee_wa_Racheti
Mimi soketi za kawaida zinazong'aa nazitumia kwenye impakti miaka yote, hazijawahi kunisumbua. Mnatisha watu tu.

FunguaFunga
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo sikubaliani nawe. Soketi za mkono ni ngumu na kuta zake nyembamba. Zikigongwa hivyo zinaweza kupasuka bila kutoa dalili, na kipande hakichagui kwa kurukia. Zile nyeusi za impakti zina kuta nene na chuma kinachovumilia mapigo. Kama ni lazima utumie zako, basi vaa miwani ya kazi.

Mzee_wa_Racheti
Marahaba. Miwani navaa, hilo sibishi.

NatiLegevu
Kuhusu gurudumu: kulegeza inawezekana ikiwa nati hazijashika kutu, na ni vizuri uanze na spana ya gurudumu kwa mkono. Kukaza ndiyo usithubutu kumalizia na hiyo mashine. Gari ndogo nyingi zinataka kama Nm 100 hadi 120, kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Impakti draiva haikuambii imefika ngapi. Zungushia nati hadi zikae, halafu malizia na spana ya torki, ukikaza kwa kuruka upande, yaani nati moja kisha ile ya upande wa pili.

MbaoNaMisumari
Nashukuru sana wakuu. Kipande kimetoka kwa sumaku, na kona zake zimejisokota kabisa. Naulizia 3/8. Ila skrubu zenyewe zinaingia kwa shida, mashine inalia hadi mwisho.

FunguaFunga
Umetoboa kwanza?

MbaoNaMisumari
Nimetoboa kwa biti ya milimita 4.

FunguaFunga
Ndogo hiyo. Kwa skrubu ya M8 toboa 5 kwenye mti laini, 6 kwenye mti mgumu, na ile sehemu isiyo na meno iachie tundu la 8. Paka nta ya mshumaa kwenye meno. Na soketi ikae wima juu ya kichwa. Ukiinamisha mashine, hata adapta nzuri itakatika. Ikibaki mizunguko michache, malizia kwa racheti.

Gololi
Impakti renchi subiri kwanza. Ikija kazi ya bolti za M12 kwenda juu, hapo tutaongea.